Vita vya Penseli ya Kijani

Sogeeni, enyi mnaosubiri vibali vya ujenzi, enyi mliokalia mabenchi ya ofisi hata mkasahau mlichofuata, mpate kusikia habari za Mama Rula, mchora ramani wa halmashauri, simba jike wa chumba namba saba, mwenye mkono usiotetemeka, aliyeingia vitani asubuhi moja kwa ajili ya penseli.

Saa nne kamili baraza lingekaa kupitisha mpango wa matumizi ya ardhi wa mji mzima. Ramani ilikuwa imetandazwa mezani kwake: makazi kwa njano, maduka kwa nyekundu, viwanda kwa zambarau kule mlimani, alikovipeleka mwenyewe baada ya miezi minane ya kubishana na watu wenye suti. Lilibaki bonde la kijito tu, ambalo lilitakiwa liwe kijani, lisijengwe. Na penseli ya kijani haikuonekana.

Msicheke. Katika ofisi ile, mahali palipoachwa peupe husomwa kuwa pa kuendelezwa, na tajiri wa maghala alikwisha kuketi kwenye benchi la nje, mchoro wake kwapani, akitabasamu. Ng'ambo ya kijito ndiko alikokaa dada yake Mama Rula, ambaye mara mbili mwaka ule maji yaliingia nyumbani kwake bila hodi. Bonde likijazwa kifusi, yangehamia kwake moja kwa moja. Mama Rula aliogopa, na hofu yake haikuwa ya mzaha.

Kwanza alijaribu hila, akapaka njano juu ya buluu. Lakini buluu ile hafifu ikatoa rangi ya tope, na kwenye ufunguo wa ramani tope ni dampo. Akafuta upesi. Kisha akajifunga kibwebwe, akashuka ngazi hadi ngome ya stoo, ambako mtunza stoo, mlinzi wa rimu na gundi, aliketi nyuma ya nondo za dirisha.

"Ewe mwenye funguo!" akanena Mama Rula. "Nimekuja kwa niaba ya vizazi! Nipe penseli ya kijani, moja tu, na watoto ambao hawajazaliwa watalitaja jina lako!"

"Habari za asubuhi kwanza, mama. Kipande cha zamani kiko wapi?"

"Kimepotea."

"Basi na kipya kimepotea. Cha zamani kirudi, kipya kitoke. Nikikupa hivihivi, kesho ofisi nzima itajaa hapa."

"Mji utazama, kaka yangu!"

"Uzame, lakini stoo yangu iwe sawa."

Akarudi kupekua: droo zote, kapu la taka, hata nyuma ya sikio la mpima ardhi. Hola. Saa nne kasoro robo akaingia ukumbi wa baraza kuomba aongezewe muda, na hapo akashangaa. Meza kuu, iliyochechemea miaka yote, ilikuwa imesimama wima kama askari wa gwaride. Akapiga magoti. Chini ya mguu mfupi, kipande cha penseli kilikuwa kimebanwa, kijani.

"Mama," akauliza mwenyekiti, aliyekwisha kuketi na chai yake, "unatafuta nini miguuni pangu?"

"Mustakabali wa mji, mheshimiwa!"

"Ukiupata, uinuke."

Akavuta. Meza ikainama, kikombe kikateleza, na chai yote ikamiminika kwenye suruali ya mwenyekiti. Shujaa hakusubiri hukumu. Alishuka ngazi mbilimbili; mtunza stoo akakipima kipande kwa rula, akaguna, akatoa kipya; na saa nne na dakika sita ramani ikatua mbele ya baraza, bonde zima likiwa kijani.

"Hapa ni nini?" akauliza mwenyekiti.

"Bonde, mheshimiwa. Maji hulala hapo. Yakikosa pa kulala, huja kwa watu."

Mwenyekiti akaitazama suruali yake kwa muda mrefu.

"Yalale hukohuko," akasema, akagonga muhuri.

Tajiri akakunja mchoro wake. Basi na ikumbukwe, enyi wa mabenchi, siku mji ulipookolewa kwa kipande cha penseli kisichofika urefu wa kidole, nayo meza ikarudia kuchechemea hadi leo.

Jioni dada mtu akauliza, "Kazini kulikuwaje?"

Shujaa akavua viatu. "Nimepaka rangi tu, dada."