Taa ya Mlangoni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe hasikii tena mlango ukibishwa. Jana shoga yake wa tangu utotoni aligonga mpaka akachoka, akaenda zake. Mama alilia. Shemeji, fundi umeme, akasema ataweka taa: kengele ikibonyezwa, inawaka. Kazi ya nusu saa. Nani kamuuliza? Nikatangaza kwamba nitaiunda mimi, hata kibao cha saketi nitakichora mwenyewe kwa mwanga! Shoga anarudi Jumamosi. Siku tele.

Jumanne, 5 Machi
Nimebandika utando wa bluu juu ya kibati cha shaba kitakachokuwa kibao cha saketi. Utando huu hukaa gizani. Ukipigwa na mwanga unakuwa mgumu, hautoki. Bafu sasa ni chumba cha giza, blanketi dirishani. Mke wangu kauliza watu wataoga wapi. Swali la mtu asiyependa maendeleo. Mama mkwe akanionea huruma, akafungua dirisha lote, nisije nikaharibu macho. Kibati cha kwanza, kwaheri.

Alhamisi, 7 Machi
Mchoro wa plastiki juu ya kibati, kioo juu yake, juani saa saba mchana, dakika kumi. Nikaosha kwa maji ya magadi. Hakuna kilichotoka! Shemeji akapita makusudi, akauliza kama ni kigae cha bafuni. Mama mkwe, aliyefua na kuanika maisha yake yote, akanishika mkono. "Mwanangu, jua la saa saba linaunguza. Anika asubuhi."
Mambo ya kitaalamu haya. Nimemwitikia kwa heshima tu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeanika asubuhi. Mama kakaa kando kwenye kigoda. Yeye ndiye aliyesema toa. Magadi yakaosha, mistari ikabaki, myembamba, mizuri! Kisha dawa kali ya asidi ikala shaba isiyotakiwa, na rangi ya sinki. Nampenda mama huyu kuliko ninavyothubutu kusema mbele ya binti yake.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa. Mchoro niliuweka kifudifudi! Kushoto kumekuwa kulia, njia za swichi zimebadilishana. Taa inawaka muda wote. Ukibonyeza kengele, inazimika. Shemeji kacheka mpaka kaketi sakafuni.
Mara taa ikazimika. Mama mkwe akainuka, akafungua mlango, wakakumbatiana na shoga yake, wakalia wote. Kisha akamgeukia shemeji. "Ikizimika najua nina mgeni. Isipozimika, naona kushona. Yako ingefanya hivyo?"
Nilifuta macho. Moshi wa kulehemu.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari makosa yangu kwa unyofu. Kosa ni la bafu: dogo. Nimehamia chumbani kwetu, blanketi dirishani. Mke wangu bado hajajua. Majirani sita nimewaahidi taa. Shemeji kashauri nigeuze mchoro. Wivu! Nimeuweka kifudifudi vilevile.