Mwenyekiti wa Kitongoji Alivyokuja Kunidhamini Mahakama ya Kimataifa

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mahakama ya kimataifa. Sijashtakiwa. Subirini.

Wanaonijua wanajua niko mwaka wa mwisho wa sheria na sasa hivi niko likizo nyumbani, Masumbwe, kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa wasionijua: naitwa Kabula, na sheria ya kimataifa naiweza. (Nasema ukweli tu.) Wenzangu chuoni walishasema nafasi za mafunzo kwa vitendo kwenye mahakama za namna hii ni za watoto wa mabalozi. Nikaomba hivyo hivyo. Nikaitwa kwenye usaili kwa njia ya mtandao. Na kwa kuwa mahakama yenyewe hutumia Kiswahili pia, sehemu ya usaili ingekuwa kwa Kiswahili. Nikajua nimeshapata!

Asubuhi napiga pasi shati jeupe, mama akaniuliza ninakwenda wapi. Ningesema "nina usaili", yangeisha. Lakini mimi na maringo yangu:

"Mama, leo nasimama mbele ya mahakama ya kimataifa."

"Kwa lipi tena?"

"Utasikia mwenyewe."

(Alisikia.)

Nikarudishia mlango wa sebuleni, nikaacha dirisha wazi kwa sababu ya joto. Mama alikuwa nje, chini ya dirisha hilo hilo, anakata viazi vya kuanika michembe. Wasaili wawili wakatokea kwenye kioo cha kompyuta: mama mmoja Mkenya mwenye miwani, na baba mmoja mnene mwenye sauti nzito. Mwanzoni niliwaka! Wakiuliza hivi, nishajibu. Yule baba akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akanipa kesi ya mfano. Nchi fulani imeshtakiwa na jirani yake: zebaki ya machimbo yake ya dhahabu imeingia mtoni na kuua samaki upande wa pili. Mimi niwe wakili wa nchi iliyoshtakiwa, niitetee kwa Kiswahili. Kesi ya dhahabu? Ananipa mimi, mtoto wa Masumbwe? Nikapandisha sauti.

"Waheshimiwa majaji, hatukatai! Dhahabu tulichimba! Zebaki ni yetu! Lakini hakuna ushahidi kwamba tulikusudia kuua!"

Nje, kisu kikaanguka kwenye beseni. Nikasikia malapa yanakimbia. Sikujali. (Wakili mzuri hatoki kwenye hoja.)

Nikiwa ndiyo nanoga, mlango ukafunguka. Mama mbele, kanga imemvuka begani. Nyuma yake Mzee Shija, mwenyekiti wetu wa kitongoji, kavaa koti lake la vikao, anahema.

Mama akapiga magoti mbele ya kompyuta.

"Shikamooni, waheshimiwa!"

"Marahaba," yule baba akaitikia kabla hajajua anamwitikia nani.

"Mwanangu hajaua! Huyu hata kuku akichinjwa anafumba macho! Dhahabu yenyewe anaionea kwenye masikio ya watu!"

"Mama, ni usaili! Ni mfano tu!"

"Nyamaza! Umeshakiri kila kitu!"

Mzee Shija akakohoa kiserikali. "Waheshimiwa, mimi ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Mtuhumiwa namfahamu tangu anazaliwa. Dhamana ni haki yake, na mdhamini ni mimi." Akachomoa muhuri mfukoni, akaupulizia haaa! "Nigonge wapi?"

Akaunyoosha kuelekea kamera ili wauone vizuri. Mimi nikainuka kumzuia.

Pa! Katikati ya paji la uso wangu.

Nikajiona kwenye kioo: shati jeupe, nywele safi, na duara la wino wa zambarau juu ya macho. Yule mama Mkenya akainama chini ya meza. Yaliyobaki kuonekana ni mabega, yanatikisika.

Nyinyi mngezima kompyuta. Mimi niliketi. Nikasema, "Waheshimiwa, naomba radhi kwa walioingilia shauri bila kibali cha mahakama. Naomba kuendelea." Nikaendelea! Muhuri usoni, mama bado kapiga magoti, Mzee Shija kwenye kochi anasikiliza kwa mikono kifuani. Nikaitetea ile nchi mpaka mwisho.

Yule baba akafuta machozi. "Kabula, nimesaili watu wengi. Hakuna aliyewahi kuja na mdhamini."

Jioni wamepiga simu. Nimepata nafasi! Miezi sita!

Nikamkalisha mama, nikamweleza taratibu kwamba ni mafunzo, wala hakuna kesi. Safari hii akaelewa. Akapiga vigelegele, akatoka mbio kuwatangazia majirani. Shida ni alivyotangaza:

"Kabula wangu kapewa miezi sita na mahakama ya kimataifa!"

Naandika haya sebule imejaa watu, wameshika tama. Mama Minza wa nyumba ya pili kaleta kuku na kuninong'oneza, "Kula, mwanangu. Huko ndani hawapiki vizuri."

Mkipita nyumbani, tafadhali semeni hongera. Pole nilizopewa zinatosha.