Simu ya Bila Shida

Redio ya Kinyozi ndiyo iliyoanzisha fujo kwenye benchi la kahawa. Mtaalamu wa malezi, mwenye sauti laini kama iliyopakwa losheni, alisema familia yenye afya ni ile ambayo watu wake wanaongea hata kama hakuna shida.

"Mzime huyo mtu!" akafoka Jenerali. Vita hajawahi kuviona. Ni mtunza stoo wa vipuri, ila hata kahawa huiagiza kama anaamuru kikosi. "Kuongea bila shida ni umbea. Nyumbani kwangu mtu akifungua mdomo, kuna ajenda."

"Na muhtasari anaandika nani?" akauliza Wakili. Naye mahakamani hajawahi kukanyaga. Ni fundi cherehani, jina alipewa kwa ubishi.

"Cheka tu. Watoto wangu wananiheshimu. Nikiingia sebuleni, kimya!"

"Hata panya hunyamaza paka akiingia," alisema Mama Birika akimmiminia kahawa. "Hiyo nayo ni heshima?"

Benchi zima likatikisika kwa vicheko. Jenerali akajiona kama anavuliwa vyeo hadharani.

"Hebu tuambie," Kinyozi akamchokoza, "mwanao wa mwisho yuko darasa la ngapi?"

"La sita."

"Huyo wa la sita juzi nimemnyoa ndevu."

Hapo Jenerali hakuvumilia. Akachomoa simu. "Sasa mtasikia kwa masikio yenu. Nampigia binti yangu wa kwanza, na shida sina." Akaweka spika, akainua kidevu.

"Haloo, mwanangu."

"Baba? Nani amefariki?"

Wakili akapaliwa na kahawa.

"Hakuna aliyefariki. Wote wazima."

"Basi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Nakusalimia tu."

Sauti ya binti ikawa kali. "Wewe kaka uliyeokota simu ya baba yangu, mrudishie mzee wa watu. Ana hasira huyo, atakutafuta mtaa kwa mtaa."

Kinyozi alikuwa ameshuka benchi, yuko chini, kashika mbavu.

"Ni mimi mwenyewe, baba yako!"

"Kama ni wewe, nilizaliwa lini?"

Jenerali aliutafuta mwezi kichwani, hakuupata. Hata mwaka ulikuwa unamponyoka.

"Kulikuwa na mvua," alisema, sauti imeshuka. "Nilitoka stoo mbio, koti limejaa oili. Nikakubeba hivyohivyo. Nesi akanigombeza, nikakataa kukurudisha."

Vicheko vya benchi vikakatika.

"Mama hajawahi kuniambia hilo."

"Mama yako alikuwa amelala."

Akazima spika, akasogea hadi kwenye nguzo ya umeme, akawapa mgongo. Walimwona akitikisa kichwa, halafu akifuta usoni kitu ambacho Kinyozi aliapa ni vumbi. Aliporudi alikaa taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha maumivu.

"Jumamosi anahitimu uuguzi," alisema. "Miaka mitatu! Mimi nilidhani bado anauza kwenye duka la vitambaa."

Wakili akaanza kukagua kucha zake.

"Ulijua?"

"Gauni nimelishona mimi."

"Na wewe, Kinyozi?"

"Mjomba wake ameshaniambia anakuja kunyoa Ijumaa."

"Mimi nimepewa kazi ya chai ya wageni," Mama Birika akaongeza bila kuulizwa. "Na usituangalie hivyo. Mkeo alikwambia mara mbili, ukamwambia anyamaze kwanza, taarifa ya habari iishe."

Jenerali alitaka kubisha, lakini aliikumbuka jioni mojawapo. Alikumbuka hata alivyoongeza sauti ya redio.

"Kadi za wageni ni mbili," alisema. "Ya mama na ya mjomba. Nimemwomba nisimame hata nje ya ukumbi. Ameniambia nimpigie tena kesho, atafikiria."

Kila mtu pale alikuwa na mzaha wa kumrushia, na kila mtu akaumeza.

"Haya, nielekezeni basi. Mtu akipiga simu na shida hana, anasema nini?"

Wakili akakumbuka kuna suruali ya mteja haijapigwa pasi. Kinyozi akakumbuka mashine ya kunyolea aliyoiacha kwenye chaji. Kufumba na kufumbua, benchi likabaki na mtu mmoja.

"Muulize amekula nini," alisema Mama Birika akikusanya vikombe. "Akianza kukujibu, nyamaza, umsikilize."

Jenerali akalitafakari agizo hilo kwa makini.

"Ninyamaze kwa muda gani?"