Sabuni ya Peremende na Ulimi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 1997

Mama mkwe ana homa. Mungu anisamehe, nimefurahi. Mwaka wa nne huu nakaa ukweni hapa Kasingirima. Katibu wa kikundi cha wapika sabuni, eti! Kazi yangu ni kuandika majina ya waliochelewa. Leo, kwa mara ya kwanza, nimekabidhiwa pipa nipike. Shirika la misaada limeagiza sabuni ya wakimbizi kambini, gari linakuja Jumamosi, na Mama Leonida, mkwe wangu na mkuu wa kikundi, hawezi hata kusimama.

Alitaka kumpa Selestini pipa hilo. Selestini alikuja Novemba kwa boti kutoka Uvira, yeye na mke mwenye mimba na mwiko wa kukorogea sabuni. Wenzake wanakimbia vita na godoro, yeye amekimbia na mwiko. Mke, Rahabu, amepelekwa kambini, juzi kajifungua huko. Mwenyewe yuko hapa kwetu anapika, na kila mtu ni Selestini hivi, Selestini vile. Mke wangu Brigita ndiye aliyenitetea. Alimwambia mama yake kwamba nikinyimwa na hili nitanuna mpaka Pasaka. Si utetezi niliouomba, lakini umefaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepika! Mawese mazuri, moto mzuri. Kostiki, ile magadi kali ya kugandisha mafuta, sikuipima kwa mizani ya Mama. Mizani ile ni ya kizamani, na mimi nina jicho. Nikaongeza kidogo ili igande haraka. Nikaongeza tena. Selestini akapita, akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo kwamba sabuni haipendi mbio. Nikamjibu kwamba huku ni Tanzania.

Jioni imeganda, ngumu kama tofali. Nimekata miche mwenyewe. Imenyooka kuliko ya mtu yeyote.

Jumatano, 5 Machi

Nimelamba mche mmoja kwa siri. Nimeruka. Ncha ya ulimi imetoa lengelenge.

Hapa kwetu hakuna maabara. Kuna ulimi wa Mama Leonida. Miaka ishirini na sita, hakuna mche unaotoka kabla hajaulamba. Ukimchoma, kostiki bado iko hai: pipa zima linarudi motoni, na aliyelipika anainamisha kichwa mwezi mzima. Usipomchoma, anafuta ulimi kwa pindo la kitenge na kusema iende. Wanunuzi wa Kasulu, hata wa ng'ambo ya ziwa, hawaulizi muhuri. Wanauliza kama Mama ameshalamba. Basi.

Zamu ya pipa langu kulambwa ni keshokutwa. Kuirudisha motoni mwenyewe ni kukiri, tena mbele ya Selestini. Sikubali.

Alhamisi, 6 Machi

Mlango umefunguka. Nasri, kuli wa bandarini, rafiki yangu wa tangu Mwandiga, ana katoni aliyoachiwa na mfanyabiashara wa dawa za meno. Vita vilimkwamisha hapa, akachoka, akarudi kwao. Ndani kuna unga mweupe, mkavu, mwepesi. Nikaulamba. Hakuna kitu. Kisha mate yakaingia, na ubaridi wa peremende ukanifika masikioni.

Nikaupeleka kwa mwalimu Bonaventura wa kemia, mtu wa Bukoba, hajawahi kujibu swali kwa kifupi. Akasema huu si unga. Ni vipunje vya plastiki, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vyenye matundu kama sifongo, na humo matunduni yamefungiwa mafuta ya peremende. Vikipata maji au vikisuguliwa vinaachia ladha polepole. Ndiyo maana mtu akishasukutua bado anasikia dawa ya meno. Akauliza nataka kuvifanyia nini. Nikasema elimu. Akafurahi sana, akaanza kunieleza upya.

Sikumsikiliza. Nilikuwa nasikiliza ulimi wangu. Lile lengelenge lilikuwa limenyamaza kabisa!

Mchana wanakikundi wote walikwenda Katonga msibani. Mimi nikabaki, nikasema tumbo. Nimenyunyizia vipunje kwenye miche yote, mmoja mmoja, nikivibonyeza kwa kiganja mpaka vikashika. Kazi ya jasho. Halafu watu husema mimi mvivu.

Ijumaa, 7 Machi

Mama alitoka ndani akitetemeka, ameshikiliwa na Brigita. Akalamba. Akalamba tena. Akasema anasikia ubaridi. Nikasema ni majani ya mnanaa, nimeyachemsha humo kwa ajili ya wakimbizi, nao ni watu, wanapenda kunukia. Wanawake wakapiga vigelegele.

Selestini tu hakufurahi. Alikwangua mche kwa kucha, akaomba alambe ndani. Mama akamwambia hapa ulimi ni mmoja. Nikatamani kumbusu, kama si mkwe.

Kisha akafuta ulimi, akaniambia, "Iende, baba Elida." Maneno hayo nimeyangoja tangu nilipoingia nyumba hii. Nimekwenda chooni nikalia.

Jumamosi, 8 Machi

Gari limekuja, miche imeondoka. Leo nimekalia kiti chenye mgongo, kile cha heshima.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Angela, binti wa shirika, amekuja na mche mmoja ndani ya mfuko, ameushika kwa mbali. Wanawake kambini wamebabuka mikono. Wengine wamefulia nepi, na watoto wachanga hawalali kwa vidonda. Mmoja ni mtoto wa Rahabu. Selestini alisikia hayo amesimama na mwiko wake, akaketi chini palepale kwenye majivu.

Angela akauliza nani alipika na nani alipitisha. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nasema, naapa. Lakini Mama alikuwa keshanyanyuka. Akasema pipa halina kosa, kosa ni la ulimi uliolipitisha, na ulimi huo ni wake. Akamwomba Selestini radhi kwa ajili ya mtoto wake. Kisha akapiga goti mbele ya Angela, binti anayeweza kuwa mjukuu wake.

Nikafunga mdomo. Mtu hamkatizi mkwe anapozungumza. Ni adabu.

Ijumaa, 14 Machi

Mama halambi tena. Anashinda jikoni na visahani vitatu: chumvi, ndimu, pilipili. Analamba, anamwita Brigita, anauliza kama hii ni chumvi. Brigita anasema ni chumvi. Mama anasema naye amesikia chumvi, lakini na ile sabuni aliisikia nzuri, sasa aamini lipi? Anadhani homa imeuua ulimi wake. Akina mama wa jirani wanakuja kumpa pole kama aliyefiwa, na yeye anawapokea hivyohivyo, ameketi mkekani.

Brigita analia. Anasema bila ulimi ule mama yake hatafika Krismasi. Na mimi imeniuma, niseme kweli. Imeniuma sana. Ugali sikuumaliza. Neno langu moja tu lingemponya: Mama, ulimi wako ni mzima, nilikudanganya mimi. Nimeamua nitamwambia kesho baada ya chai.

Jumamosi, 15 Machi

Sikumwambia. Baada ya chai aliita kikundi chote. Akasema ameniona nilivyokonda, ugali unanishinda, na mtu anayeumia hivi kwa kosa lisilo lake ndiye mwenye moyo wa kazi hii. Kuanzia Jumatatu ulimi wa kikundi ni wangu.

Sasa hapo ningesema nini? Kumwambia ingekuwa kumvunjia heshima mbele za watu. Nimeshukuru kwa niaba ya ukoo.

Selestini amerudi leo kutoka kambini. Mtoto anapona. Alikwenda moja kwa moja kuwasha moto. Shirika limekubali kupokea pipa moja jingine, la mwisho. Likiharibika hili, hawanunui tena kwetu.

Jumatatu, 17 Machi

Siku yangu ya kwanza kazini. Nimevaa shati la kanisani.

Pipa ni la Selestini. Kostiki aliipima kwa mizani mara tatu, na tangu lile gari liondoke halali vizuri, macho mekundu. Mama akaomba alambe kabla yangu, mara hii moja tu, ili ajue. Akachukua mche wa katikati, akalamba, akafumba macho. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mimi naiona safi, baba Elida. Wewe unaionaje?" Mkono wake ulikuwa umeshika mkono wangu. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunishika mkono.

Nikalamba. Ilikuwa safi. Safi kabisa, haina hata dokezo la mchomo.

Lakini nikainua macho, nikaona watu wameshaanza kumpa Selestini mkono. Brigita naye anacheka, mke wangu mwenyewe. Na mimi, mkaguzi mpya, siku ya kwanza, niitikie tu kama kasuku? Wangesema ulimi wangu una kazi gani.

Nikasema inachoma.

Mama akaniachia mkono. Akaufuta ulimi, akaufuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuung'oa. Akasema basi ni kweli, umekufa, na akamshukuru Mungu kwamba nyumba yake imepata mwingine. Brigita akamrudisha ndani. Selestini akanitazama, kisha akaikusanya miche kuirudisha pipani, motoni.

Mchana nimeletewa kichwa cha samaki wa kuhe, ambacho miaka yote ni cha Mama. Ameniachia mwenyewe, amesema yeye hasikii tena tofauti. Nimekimaliza chote. Kilizidi chumvi kidogo, na nimewaambia. Ulimi kama huu mtu hafundishwi, anazaliwa nao.