Dakika Moja ya Kumkumbuka Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata! Tangazo lilibandikwa ukutani pale maktaba: mfuko wa ruzuku ndogo kwa miradi ya sanaa na kumbukumbu za jamii. Mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa. Nimelibandua lote nikaondoka nalo, Bwana Warsha asije akaliona.

Bwana Warsha ni jirani yetu. Jina hilo nimempa mimi, maana kila mwezi hakosi warsha. Mwaka jana alipewa ruzuku ya kukusanya hadithi za marehemu bibi yake. Tangu hapo anatembea na kitambulisho shingoni hata akienda kununua vitunguu. Kimeandikwa Mkurugenzi. Inaniuma sana.

Wazo langu ni mabango ya Baba. Ameandika mabango ya maduka kwa brashi miaka arobaini, mpaka mashine za kuchapa zilipomweka benchi. Nitayapiga picha yaliyobaki, nitaandika historia yake, nitafungua kituo. Mkurugenzi: mimi. Baba akisikia naitwa hivyo, huenda akaisahau ile habari ya duka la dawa.

Jumanne, 4 Machi

Habari ya duka la dawa niiandike mara moja yaishe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza kazi kwake. Baba huanza bango kwa herufi ya mwisho, akarudi nyuma mpaka ya kwanza, ili maneno yasikose nafasi. Mimi nikaona huo ni ushamba. Nikaanzia mwanzo. Ubao ukaisha kabla ya maneno. Herufi ya mwisho nikaipaka ukutani, peke yake, na mwenye duka akiangalia. Baba hakunigombeza. Alinipokea brashi, akaiosha, akaitia mfukoni. Hajanipa tena mpaka leo, na mimi sasa nina miaka arobaini na mmoja.

Tuyaache hayo. Fomu ina swali la saba: msanii yu hai, au ni marehemu? Chini wameongeza kwa herufi ndogo kwamba kazi za marehemu zitapewa kipaumbele. Kumbe ndiyo siri ya Bwana Warsha! Nimepitia ukoo mzima. Hatuna msanii aliyefariki. Babu alikuwa dereva wa lori.

Jumatano, 5 Machi

Nimeweka alama kwenye marehemu. Mungu anisamehe. Ni alama tu ya kalamu. Baba yupo uani anakunywa chai, hajapungukiwa na kitu.

Wasifu wa marehemu umefika kurasa mbili. Nimeandika kwamba aliwaandikia wajane vibao vya genge la mboga bila malipo. Kwamba akipita mbele ya bango lake lililofifia, alisimama akalifuta vumbi kwa leso yake. Kwamba mwanawe alimpenda na hakupata kumwambia. Hiyo ya mwisho nimeiweka kwa ajili ya kamati. Nimelia nikiandika.

Baba kaingia, kaona macho mekundu, kauliza kulikoni. Nikamwambia nina mradi juu ya mabango. Akauliza kama nasema kweli, mabango haya haya ya brashi? Nikamwambia ndiyo. Akaenda stoo. Tangu hapo stoo inanuka rangi. Itabidi nimwambie aache kuchezea makopo ya zamani. Mkono wenyewe unatetemeka, hata kikombe anakishika kwa mikono miwili.

Jumanne, 18 Machi

Wamepiga simu! Kamati inakuja Alhamisi saa nne asubuhi kujionea. Nimepiga kelele mpaka mtaa wa pili. Bwana Warsha yuko safarini kwenye warsha, hasikii. Hasara yangu hiyo.

Kuna tatizo moja tu. Marehemu hawezi kufungulia wageni mlango. Nimemwambia Baba kwamba Dada, anayekaa kwake mtaa wa tatu, anaumwa mgongo vibaya na anamuulizia yeye tu, kwa hiyo Alhamisi aende akashinde huko. Nilijiandaa kwa ubishi. Alikubali upesi, tena kama mwenye furaha. Sikuelewa, nikashukuru.

Alhamisi, 20 Machi



Aliondoka saa mbili, kabeba kitu kipana kilichofungwa kwa shuka. Sikuuliza. Nilikuwa nahangaika na picha yake, naizungushia kitambaa cheusi.

Walikuja wawili: Katibu, mama wa makamo mwenye miwani, na mpiga picha wake. Nikawasomea wasifu. Katibu alivua miwani akajifuta macho. Si hapo ningenyamaza? Lakini mimi nikaona niongeze utamu. Nikaomba tusimame dakika moja tumkumbuke marehemu.

Tukainamisha vichwa. Dakika ilikuwa nusu hivi, mlango ukafunguka. Baba! Kakuta watu wamesimama kimya. Akaweka mzigo wake chini taratibu, akavua kofia, akainamisha kichwa pamoja nasi. Baba ana adabu sana. Dakika ilipokwisha akaninong'oneza, nani kafariki? Nikaiangalia ile picha. Akatazama mezani, akajiona.

Katibu aliangalia picha, akamwangalia Baba, akaniangalia mimi. Baba akawakaribisha chai. Wakashukuru, wakasema wana haraka. Kweli walikuwa nayo.

Tulibaki wawili. Baba alifungua lile shuka, nadhani kwa kuwa ndilo alilolijia na hakujua afanye nini kingine. Lilikuwa bango. Rangi mbichi. Herufi zinayumba kidogo, lakini zimetosha zote, na nafasi imebaki sawa huku na huku: FUNDI MABANGO NA MWANAWE.

Akasema alikuwa akiliandika kwa siri stoo, akaenda kulimalizia kwa Dada, maana kelele za simu alizisikia na alitaka wageni walikute mlangoni. Akasema na mgongo wa Dada ni mzima, amemkuta anafua mablanketi. Kisha akaligeuza bango likatazama ukuta, akaingia chumbani kwake.

Nimeona aibu ambayo sina pa kuiweka.

Dada naye kapiga simu. Aliyosema siandiki.

Ijumaa, 21 Machi

Bwana Warsha karudi. Habari kaisikia nusu njiani, kaja na viti kumi vya plastiki vya msiba, analia kweli kweli. Aliyemfungulia ni Baba. Viti vikamponyoka, vikaangukia vyombo vya chai; vikombe viwili vimevunjika.

Alipoondoka, Baba aliniita uani, akataka nimsomee ile karatasi. Nikasoma yote, yeye akiangalia miguu yake. Nilipofika pale pa mwanawe alimpenda, nikataka kuikunja karatasi. Baba akangoja. Nikamaliza.

Akasema nimesahau kuandika kwamba yeye huanzia mwisho. Kisha akasema maneno yale angependa kuyasikia siku ya kawaida tu, anakunywa chai, wala pasiwe na wageni. Nikasema ndiyo, Baba. Nilitaka kusema zaidi. Nikamwambia chai inapoa.

Jumatatu, 24 Machi

Barua imefika. Tumekataliwa. Lakini chini Katibu kaongeza kwa kalamu yake: kuna fungu jingine, la mafundi wazee walio hai wanaorithisha kazi kwa wanafunzi wao. Mwaka huu hakuna aliyeomba. Mwisho ni keshokutwa. Ananisihi safari hii niandike ukweli.

Hii ni yetu kabisa! Fundi: yu hai, nina mashahidi. Mwanafunzi: mimi. Miaka ya mafunzo: nimeandika ishirini na miwili, bila kukatika. Swali la nne linataka nieleze fundi anavyomfundisha mwanafunzi siku hadi siku. Nimejaza nafasi yote, nimeongeza karatasi ya pili. Inatoka vizuri mno. Macho yameanza kunilengalenga tena.

Baba kalitundika lile bango mlangoni mwenyewe, asubuhi, bila kusema kitu. Sasa kaweka ubao mtupu uani, na viti viwili. Ananiita. Anasema nije nishike brashi, tuanze na herufi ya mwisho. Brashi ni ile ile ya siku ya duka la dawa, naiona kutoka hapa. Ananinyooshea kwa mikono miwili.

Nimemwambia kwa adabu zote anisubiri kidogo, Baba, siwezi sasa hivi. Nimefika mahali pagumu, pa kueleza jinsi tunavyokaa pamoja kila siku.

Kaita tena. Nimefunga dirisha ili nipate kuandika.