Rekodi Pekee ya Onyesho la Mwisho

Fundi Maneno, jina alilobandikwa na mkewe siku ambayo hakuwa na raha naye, alikuwa amejilaza na simu kifuani alipoiona riziki yake imeandikwa waziwazi. Kwenye kundi moja la mtandaoni, ambako watu wazima na akili zao hubadilishana rekodi adimu za maonyesho ya muziki wa zamani, daktari wa meno aliandika: "Atakayenipa rekodi ya onyesho la mwisho la ile bendi, nampa spika zangu mbili kubwa."

Spika mbili! Angezikodisha kila wiki. Tena alizihitaji haraka, maana mkewe alishatoa hukumu: asipopata shughuli ya maana, Jumatatu anaanza kufyatua matofali kwa shemeji yake. Na mikono ya Fundi Maneno, tuseme ukweli, haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Rekodi yenyewe haikuwepo duniani, jambo ambalo halikumsumbua hata kidogo. Shemeji akapiga gitaa, mama mkwe akaimba bafuni ili sauti ipate mwangwi, majirani wakapiga makofi sebuleni, na birika likapiga mluzi jikoni bila kuombwa. Fundi Maneno akarekodi yote kwa simu, akatupia kipande kifupi kundini.

Watu wakalia. "Nilikuwepo!" akaandika mmoja. "Huo mluzi ni wangu mimi!"

"Marehemu baba ndiye aliyerekodi," Fundi Maneno akaandika kwa majonzi, huku marehemu akimwomba amsogezee sukari. "Alijificha nyuma ya jukwaa."

Kesho yake akafika kliniki. Spika zilikuwa mlangoni, zimefutwa vumbi. Lakini kwenye kiti cha wagonjwa alikaa mama mmoja mwenye miwani.

"Huyu ndiye mwimbaji wa bendi," daktari akasema kwa fahari. "Nimemwita athibitishe."

Fundi Maneno akaicheza rekodi, jicho moja mlangoni. Mama akasikiliza mpaka mwisho, macho kafumba, machozi yakimtiririka.

"Ni mimi," akasema. "Jamani, ni mimi kabisa."

Fundi Maneno akashusha pumzi, mkono tayari juu ya spika.

"Eti baba yako alikuwa nyuma ya jukwaa?"

"Ndiyo, mama. Peke yake."

"Kumbe ni yeye! Usiku ule spika zetu mbili ziliibiwa hukohuko. Miaka yote namtafuta mwizi!"

Daktari akamkazia macho. Zilibaki njia mbili: baba awe mwizi, au rekodi iwe ya bafuni.

"Baba," akasema kwa shida, "alikuwa na mapungufu yake."

"Basi spika hizi ni za mama," daktari akaamua. "Nawe zibebe mpaka kwenye gari lake. Ni haki."

Alizibeba moja moja, jasho likimchuruzika.

"Mama," akanong'ona walipobaki wawili, "unajua kabisa ile sauti si yako."

"Najua."

"Na spika za bendi?"

"Hakuna aliyeziiba. Usiku ule hatukupiga hata wimbo mmoja. Mpiga ngoma aliumwa tumbo, tukarudi kulala." Akafunga buti, akapangusa miwani. "Ila huyo aliyeimba mpe salamu zangu, mwanangu. Yale machozi yalikuwa ya kweli. Mimi sikuwahi kuimba vizuri hivyo."