Nywila Moja kwa Majirani Wote

Jumatatu, 6 Machi 2017

Semina imeanza, ukumbi wa parokia, mtaa wa Hai Malakal, jijini Juba. Mwalimu Tisa, aliyesomea Kampala, katueleza jinsi wezi wa mtandaoni wanavyoingia kwenye simu na kompyuta za watu bila kuvunja mlango. Nywila iwe ndefu, asema, yenye herufi, tarakimu na alama. Nimeelewa yote! Kisha kasema la maana: shirika moja linatafuta mtu wa kulinda kompyuta zake, na litamchukua darasani humu humu. Usaili Ijumaa. Kazi ni yangu. Gune, jirani yangu wa nyumbani, mtaa wa Gudele, anakaa kiti cha mbele na kujibu maswali kabla hayajaisha. Ananichosha roho.

Jumanne, 7 Machi

Nimepata akili! Bunduki zikilia mjini, watu wa ua wetu hupeleka redio na magodoro kwa mtu mmoja anayeaminika. Kwa nini si nywila? Nimewaambia majirani wanikabidhi zao, nami nitakuwa na uzoefu wa kusimulia Ijumaa. Wamekubali! Isipokuwa Gune, aliyecheka mpaka akakohoa. Wivu tu. Nywila zenyewe aibu: majina ya watoto, majina ya mbuzi. Nimezibadilisha zote ziwe moja, ngumu kweli: Fortunato#Bingwa7. Nani angekumbuka za ua mzima? Mimi si mashine.

Jumatano, 8 Machi

Balaa, na kosa si langu. Victoria wa ua wetu alikuwa kwenye foleni ya maji, akiinong'ona nywila asije akaisahau. Nyuma yake nani? Konga wa bodaboda, naye wa ua huu huu, ambaye Victoria amemkataa mbele za watu. Konga akasikia nywila yake mwenyewe! Badala ya kuja kunilalamikia kama muungwana, kaingia Facebook ya Victoria, kabadilisha nywila, kisha kamwandikia mama yake Victoria, aliyekimbilia kambini Uganda mwaka jana na anayepatikana Facebook tu, kana kwamba ni bintiye: nimemkubali Konga, njoo tuzungumze mahari. Mama, Konga anajigamba kijiweni, kapiga vigelegele, kafunga mizigo. Kesho anapanda lori kuja Juba. Kwa barabara ya Nimule, ambako magari yanapigwa risasi!

Victoria kanijia mikono kiunoni. "Wewe iko mlinzi gani, Fortunato? Mama akifia njiani, mimi utaniambia nini?" Niliogopa, kweli niliogopa.

Alhamisi, 9 Machi

Asubuhi nimemwandikia mama kwa akaunti yangu: usije, ni uongo wa Konga. Kajibu kwamba kambini wamefundishwa wasimwamini mtu wasiyemjua mtandaoni. Hata yeye kapata semina!

Ikabidi nimwendee Gune. Kanisikiliza macho yamefumbwa, kama padri kwenye maungamo. Kisha kamkalisha Victoria, kairudisha akaunti kwa namba ya simu ya Victoria mwenyewe, naye kampigia mama kwa video amwone uso. Mama alikuwa tayari juu ya lori! Kashuka, analaani, kwa sababu kuku wake ameshawagawa. Victoria kalia kwa furaha, kamkumbatia Gune. Mimi nimesimama pembeni nimeshika birika la chai. Hakuna aliyetaka chai.

Ijumaa, 10 Machi

Usaili. Wameniuliza nimewahi kulinda nini. Nikasema nywila za ua mzima, na ili kuwathibitishia kwamba kumbukumbu yangu ni nzuri nikaitaja kwa sauti, pamoja na alama yake. Mama wa chai alikuwa humo ndani pia. Mwalimu Tisa kainamisha kichwa mezani, kasema taratibu, "Malesh, pole, Fortunato. Kalas, yatosha, nenda nyumbani." Kazi kapewa Gune. Nchi hii haithamini vipaji.

Jumamosi, 11 Machi

Gune kaweka kigoda katikati ya ua, anawabadilishia watu nywila mmoja mmoja. Victoria anawapanga foleni. Salamu yangu hawaitikii. Basi! Wakati wao wanahangaika na vigoda, mimi nimepigiwa simu. Kampuni kubwa, ya nje! Wamesikia sifa zangu, wanataka niwe mkuu wao wa usalama wa mtandao. Hawakuuliza cheti, wala usaili. Watu wenye adabu sana. Walitaka tu tarakimu sita zilizokuwa zimeingia kwenye simu yangu dakika ile. Nimewasomea polepole, tena mara mbili, wasije wakakosea.